Januari Niliyokataa Kutubu

Tusekile mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na nyumba imebaki na mimi, mvua, na sufuria tatu kubwa ambazo tangu wageni waondoke sijapata mtu wa kunipandishia juu ya kabati. Ni saa tisa alasiri. Kesho alfajiri utapanda gari la Kamsamba, na huko utatafuta usafiri wa kukufikisha Ivuna, kwenye shule uliyopangiwa na nyumba ya mwalimu ambayo hujaiona. Nimeona niandike sasa, maana tukikaa ana kwa ana nitaanza habari za chandarua na unga, nawe utaitikia "ndiyo mama" huku unatafuta chaja ya simu.

Hayo tuyaache. Kupika unajua. Kuchemsha maji unajua. Unajua kwamba bondeni kuna joto na mbu, na kwamba maji ya kule yana chumvi. Kama kuna jambo la nyumba nimeshindwa kukufundisha kwa miaka ishirini na minne, barua haitaliweza.

Ninachokuandikia ni jibu. Uliniuliza swali siku ya pili ya Krismasi, nami sikukujibu.

Unakumbuka ilivyokuwa. Sebule imejaa, shangazi zako wa Itumba wamekuja, ndugu zetu wa Nakonde wamevuka mpaka na watoto wao, na baba yako mdogo Anyimike amekaa kwenye kochi kubwa kwa sababu amekuja kukupongeza kwa niaba ya ukoo. Akakuuliza huko Ivuna utaishi na nani. Ukasema peke yako. Akaweka chupa ya soda chini, akawaangalia watu kwanza, kisha akasema, "Haya. Mama alitengwa, sasa na mtoto anakwenda kujitenga."

Watu walicheka. Wengine walicheka kwa sababu ni neno la kuchekesha, wengine kwa aibu tu. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la wali. Nikampakulia, nikamwekea na paja la kuku. Ulinifuata jikoni ukaniuliza polepole kama ni kweli nilitengwa kanisani, na kwa kosa gani. Nikakuambia usuuze vikombe.

Ulivisuuza. Lakini nilikuona mgongo, Tuse. Nilijua umekwenda kutafuta jibu mwenyewe kichwani, na mtu akitafuta jibu la namna hiyo peke yake hupata baya kuliko lililopo.

Basi ni kweli. Nilitengwa miaka minne. Uliwahi kuniambia kwamba unakumbuka ulipokuwa mdogo tulikuwa tunakaa benchi la mwisho kanisani, karibu na mlango, kwa sababu tulikuwa tunachelewa. Hatukuchelewa hata Jumapili moja. Pale ndipo tulipowekwa. Walitaka nitubu, sikutubu, na hata leo wakiniita tena nitawajibu vilevile.

Sasa nikueleze.

Nilikuja Tunduma nikiwa na miaka kumi na tisa, mke wa seremala. Nilikotoka, Ibaba, bibi yako hakuwa na mambo mengi. Krismasi yake ilikuwa ibada, nyama, na kulala mapema. Lakini Januari, mvua inaponyesha mpaka kuni zote zinalowa na ukungu unaingia hadi jikoni, ndipo nilipokuwa namwona akiomba. Alipiga magoti kupuliza moto, moshi umemjaa machoni, akazungumza na Mungu kwa Kindali kama anavyomwambia jirani habari za asubuhi: mtoto fulani anakohoa, mahindi yameinama, nisaidie leo. Moto ukiwaka alisema amina, akainuka, akabandika sufuria. Nilidhani hayo ni mambo ya watu wa milimani wasio na sebule.

Mimi nilipata sebule. Baba yako alitengeneza makochi kwa mikono yake, na alikuwa fundi kwelikweli, hilo sitamnyima. Mimi nikafuma vitambaa vya kuyafunika. Tunduma ilikuwa inakua wakati ule, maduka yanaota kila wiki, Wazambia wanaingia na kutoka, na kila mtu alitaka nyumba yake ionekane. Nikawa mwanamke wa Krismasi. Kuanzia mwanzoni mwa Desemba nilipaka chokaa, nikafua mapazia, nikakata maua ya karatasi za rangi. Nilioka keki kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, na haikuungua. Wazee wa kanisa walikuwa wakila kwangu kila mwaka baada ya ibada. Walisema hii ndiyo nyumba ya Kikristo. Nilikuwa nikilisikia neno hilo kutoka jikoni, nikilisubiri kama mtu anayesubiri chai.

Baba yako alikuwa akinipiga. Naliandika mara moja, wazi, ili usije ukalitafuta katikati ya mistari. Hakuwa akinipiga kila siku, wala hakuwa mlevi. Alikuwa mtu mpole mbele ya watu, na ndiyo maana sikuona nani angeniamini.

Mwaka niliotoka kwake wewe ulikuwa na miaka mitano. Zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya Krismasi nilimwambia nimechoka, labda mwaka huu wageni wakale kwa mdogo wake. Alikuwa ameshika kipande cha mbao. Nilikinga kichwa kwa mkono wa kushoto. Nilisikia sauti ya mfupa kabla ya maumivu.

Sasa sikiliza mama yako alifanya nini. Sikwenda hospitali. Nilichukua vijiti viwili, nikaufunga mkono kwa kitenge, na siku ya Krismasi nikapika pilau ya watu ishirini kwa mkono mmoja. Nilichagua kitenge kinacholingana na gauni ili kionekane kama pambo. Nilitoa chakula, nikatabasamu, nikasema niliteleza kisimani.

Waliniamini, au walikubali kuniamini. Wa pekee ambaye hakuridhika ni Mama Yohana, mke wa mzee wa kanisa aliyekuwa mkubwa kuliko wote, Baba Yohana. Alikuvuta ukakaa magotini pake, akakuuliza, "Mama amefanya nini mkono?" Ulikuwa umesimama mlangoni siku ile aliponipiga, mwanangu. Uliona yote. Uliinua macho ukanitazama, mimi nikakutazama. Sikukukonyeza, sikutikisa kichwa. Haikuhitajika. Ukamgeukia Mama Yohana ukasema, "Ameteleza."

Ulisema vizuri kabisa, bila kusita, kama mtoto aliyefundishwa shairi. Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimekufundisha muda mrefu. Mkono ulivunjwa na baba yako. Ulimi wako wa miaka mitano niliupinda mimi. Kwa hilo nakuomba radhi, na nilipaswa kuliomba kabla hujajua kusoma.

Wageni wakaondoka. Unajua nyumba inavyokuwa baada ya sikukuu: vikombe vya kuazima vya kurudisha, maua ya karatasi yamelegea, sakafu inanata soda. Tarehe zile za mwanzo za Januari nilikuwa nimepanda kwenye stuli natoa mapambo kwa mkono mmoja, wewe unayapokea chini. Nikaona ukutani, nyuma ya ua moja jekundu, doa ambalo nilikuwa nimelifunika mwaka mmoja kabla. Nalijua lilitoka wapi. Nikasimama juu ya stuli nikajiuliza nitakata maua mangapi.

Nilishuka. Sikuomba kwa maneno mazuri. Nilisema tu, Mungu, mimi naondoka, kama hutaki unizuie sasa. Nikasubiri kidogo. Hakunizuia. Baba yako alikuwa karakana. Nikamwita mtu wa mkokoteni, tukapakia godoro lako, sufuria moja, Biblia, sanduku la nguo na cherehani niliyopewa na kaka yangu wakati wa harusi. Makochi niliyaacha na vitambaa vyake. Nikapanga chumba kimoja ng'ambo ya reli, kwa mama wa Kinamwanga ambaye hakuniuliza kitu zaidi ya kama nina jiko. Kesho yake nikaenda hospitali. Daktari alisema mfupa umeanza kuunga vibaya. Ndiyo maana mkono huu haunyooki. Wewe ulidhani ni wa kuzaliwa.

Wiki ya tatu ya Januari wazee wa kanisa wakaniita. Walikuwa watano, wamekaa upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili. Walizungumza kwa upole mwingi. Walisema mume wangu amekwenda kwao mwenyewe, amelia, amekiri kwamba ana hasira, wameomba naye, yamekwisha. Ninachotakiwa ni kurudi. Kama sirudi, basi nisimame mbele ya kanisa nitubu kwamba nimevunja nyumba, na mpaka nitubu nisikaribie Meza ya Bwana, nisiimbe kwaya, nisikae na umoja wa wanawake. Paa la kanisa lilikuwa linajengwa mwaka ule, na mbao zote zilikuwa zimetolewa na baba yako. Hakuna aliyelitaja hilo. Lilikuwa limekaa nasi mezani tu.

Nilikuwa naogopa, Tuse, usidhani mama yako alizaliwa hivi. Lakini nikauweka mkono wangu juu ya meza, na bandeji yake.

"Kilichovunjika ni hiki, wazee," nikasema. "Nyumba sikuivunja mimi."

Baba Yohana akaniambia niwe mnyenyekevu. Nikamwambia nitatubu kosa langu lolote, hata sasa hivi, kwa magoti, lakini la mtu mwingine silibebi mbele ya Mungu, maana Mungu analijua la nani. Wakanitenga.

Watu walitegemea nihame kanisa. Makanisa yamejaa Tunduma, ukikosana na hili unavuka barabara. Dada zangu wakanishauri hivyo. Nikakataa. Kanisa lile nilibatizwa ndani ya dhehebu lake, nyimbo zake ndizo alizonifundisha mama yangu, na sikuona kwa nini aliyepigwa ndiye ahame mara mbili. Nikaendelea kwenda kila Jumapili, nimekushika mkono, na kukaa benchi la mwisho. Mlangoni pale upepo wa baridi unapita, na mvua ikija na upepo inakupata miguuni.

Hatukuwa peke yetu. Kulikuwa na Sekela, msichana aliyetengwa kwa sababu ya mimba, na aliyempa mimba alikuwa anaimba besi mbele. Kulikuwa na bibi mmoja aliyetengwa kwa kupika komoni, pombe ambayo nusu ya wanaume waliomtenga walikuwa wameinywa. Jumapili za ushirika tulikaa pale watatu, sahani ya mkate inapita mabenchi yote, inafika benchi lililo mbele yetu, inageuka. Mara ya kwanza uliniuliza kwa sauti kubwa kwa nini sisi hatupewi. Kanisa zima likasikia, na hakuna aliyegeuka.

Siku ile niliwaambia wale wawili waje kwangu kula. Sijui nilitoa wapi wazo hilo. Tuliketi chini kwenye mkeka, maana meza sikuwa nayo, tukala ugali na dagaa na majani ya maboga. Sikujifanya mchungaji, wala sikukiita chakula kile jina lisilo lake. Nilishukuru tu, kama mama yangu alivyoshukuru mbele ya moto wake, tukala tukashiba, bibi wa komoni akatusimulia mambo ya ujana wake mpaka Sekela akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Tukafanya hivyo kila Jumapili ya ushirika kwa miaka minne.

Pale ndipo nilipojifunza kutunza nyumba. Nilikuwa nimeitunza sebule miaka yote, nikidhani ndiyo nyumba. Chumba kile cha ng'ambo ya reli kilikuwa na pazia moja lililogawa kitanda na jiko. Treni ikipita, sufuria zinagongana. Asubuhi nilifagia nikimwambia Mungu mambo ya siku ile, kisha nikakaa na cherehani barazani. Wanawake wa Zambia walileta vitenge vyao, wakiridhika walisema "natotela", asante ya kwao, wakarudi na wenzao. Hakuna aliyekuja kusema hii ni nyumba ya Kikristo. Lakini ulikuwa unalala usiku kucha bila kushtuka, na mimi nilikuwa nikikutazama ukilala, nikijua kwamba nimeoka keki kumi ambazo hazikufikia hilo.

Sasa nikuambie kosa langu la pili, na hili sijawahi kumwambia mtu.

Ulikuwa darasa la pili. Ilikuwa Januari tena, shule zinafunguliwa, na mvua kama hii ya leo. Baba yako akaja. Alisimama nje ya mlango, amelowa, ameshika viatu vyeusi vya shule, vipya, vimefungwa pamoja kwa kamba. Hakuomba kuingia. Alisema amekuletea wewe. Ulimsikia sauti ukatoka nyuma ya pazia unakimbia. Mimi nikakushika. Nilikushika kwa nguvu begani mpaka ukasema unaumia, nikamwambia baba yako kwamba mtoto huyu hana baba, na kwamba yeye Mungu hamjui.

Aliviweka viatu kizingitini akaondoka. Ulilia ukitaka kwenda kuvichukua. Nikakukataza. Nikaviacha kwenye mvua hadi jioni, kisha nikampelekea jirani, na mwaka mzima ulimwona mtoto wa jirani akienda shule na viatu vyako, wewe una ndala.

Hujawahi kulitaja. Labda umesahau, au umeamua kunihurumia. Sitasema nilipaswa kumwingiza ndani. Mlango ulikuwa wangu, na mtu aliyenivunja mkono hana haki ya kuketi kwenye mkeka wangu kwa sababu ameleta viatu. Ningeulizwa leo, ningemwacha nje vilevile. Lakini viatu vilikuwa vyako. Kulia kulikuwa kwako, na kumtaka baba yako kulikuwa kwako, na mimi nilivichukua vyote nikavitumia kumpiga yeye. Nilikuwa nimetoka kwenye nyumba ya mtu anayepiga, na bega lako lilikuwa na alama ya vidole vyangu. Niliiona nilipokuogesha. Hiyo niliitubia usiku uleule, bila kuitwa na mzee yeyote, na hakuna aliyenitenga kwa ajili yake.

Nimalizie habari ya kanisa.

Mwaka wa nne, Jumapili ya ushirika mwishoni mwa Januari, wimbo wa pili ulikuwa unaimbwa nilipomwona Mama Yohana anasimama benchi la mbele. Nilidhani anatoka nje. Alikuwa mwanamke mnene, anatembea kwa kuchechemea, na ilimchukua muda kuvuka kanisa lote, watu wakimtazama huku wanaimba. Akafika kwetu. Akamwambia Sekela asogee, akakaa kati yangu na wewe, akakupakata ingawa miguu yako ilikuwa inagusa chini.

Sahani ikaanza kupita. Aliyeibeba upande wetu alikuwa mumewe. Alipofika benchi la mbele yetu, akatusogelea akamnyooshea yeye peke yake. Mama Yohana hakuinua mkono. Akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Anza na hawa."

Baba Yohana alisimama pale. Wimbo ulikwisha, na mpiga kinanda hakujua kama aanze mwingine. Kisha akageuka, akaondoka na sahani yake, na Mama Yohana akabaki amekaa, mikono juu ya magoti yako. Hakula ushirika siku ile wala miezi iliyofuata. Alikuja kula kwangu, mkekani. Kufika Pasaka, wanawake tisa walikuwa wanakaa nyuma nasi. Walilazimika kuleta benchi jingine.

Siku moja tunaosha vyombo nilimuuliza kwa nini alifanya vile, baada ya miaka yote. Alikuwa anasugua sufuria, hakuinua uso.

"Mtoto aliposema umeteleza, nilijua," akasema. "Hata wanangu walikuwa wanasema hivyo hivyo."

Aliendelea kusugua. Sikumuuliza zaidi, na hakuwahi kulirudia mpaka alipofariki. Ulimlilia sana, ukidhani unamlilia bibi aliyekupa karanga.

Mwaka uleule akaja mchungaji mpya. Akaniita, akaniambia kanisa linataka kunirudisha kundini, nitubu kwa maneno machache tu, yeye ataniandikia. Nikamwambia nimekuwa kundini muda wote, nilikuwa nimekaa mlangoni. Nikamwomba wanisomee jina mbele ya watu waseme nilikosewa. Alisema hilo wazee hawatalikubali. Nikasema basi na mimi lile silikubali. Tukavutana majuma kadhaa. Mwisho walisoma majina yetu watatu asubuhi moja, mimi, Sekela na bibi wa komoni, bila neno "wametubu". Walisoma majina tu. Lakini sahani ilipofika haikugeuka, na nikaupokea mkate kwa mkono huu usionyooka.

Hiyo ndiyo habari ya mama yako aliyetengwa. Baba yako mdogo anaijua yote. Mbao za paa alizibeba yeye.

Kuna jambo jingine moja. Jana ulipokuwa sokoni baba yako alipiga simu kutoka Vwawa. Amezeeka, sauti imekuwa nyembamba. Aliomba kama anaweza kuja stendi kesho kukuaga. Nikamwambia swali hilo si langu, nitakufikishia. Basi nimekufikishia. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ukimkubalia, nitasimama pembeni nishike mizigo. Ukimkatalia, hakuna atakayesikia neno kutoka kwangu. Usinitazame usoni kabla ya kuamua, Tuse. Nakuomba sana. Safari hii usinitazame.

Huko Ivuna utafika nyumba tupu, na Januari haina sherehe ya kukupokea. Usisubiri Krismasi ndipo uifanye iwe nyumba. Fungua madirisha, fagia, ukifagia zungumza na Mungu, hana shida na ufagio mkononi. Watakuja watu wa kukuuliza nani kakuruhusu kuishi peke yako, mwanamke kijana, hata mume huna. Watakuja kwa upole, na wengine watakuja na Biblia. Wasikilize mpaka mwisho, maana adabu tumekufundisha. Ukiona wana la kweli, litubie hapo hapo, usisubiri kuitwa. Ukiona wanakubebesha lisilo lako, waambie nyumba hii ina mwenyewe.

Halafu waulize kama wanatumia sukari kwenye chai.

Mama yako,
Atuganile